Sala ya Mama wa Mbali: Kimbunga cha Mwaka 1872 na Pwani Yetu



Mwanzoni mwa mwezi wa Mei mwaka 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilipokuwa ikitangaza kwamba kimbunga Hidaya kinaikaribia pwani yetu, mama mmoja alitungoja nje ya sakristia baada ya Misa ya asubuhi. Mwanawe alikuwa Mafia kwa kazi ya uvuvi, na simu yake haikuwa ikipatikana. Mama yule alitusalimu, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Baba, nisali nini?"

Hakuuliza kama asali au asisali. Aliuliza asali nini. Je, amwombe Mungu augeuze upepo uende kwa watoto wa watu wengine? Je, aseme tu kwamba mapenzi ya Mungu yatimizwe, wakati moyo wake hautaki kusikia lolote isipokuwa sauti ya mwanawe? Tulimwambia asali rozari, nasi tutamkumbuka katika Misa. Tuliingia ndani, lakini hatukutulia, kwa maana jibu letu lilikuwa fupi kuliko swali lake. Tafakari ya juma hili ni jaribio la kumjibu vema zaidi, na jibu lenyewe tumelitafuta katika historia ya pwani hii hii.

Pwani iliyozoea kungoja

Wale waliowahi kufika Kaole, kilomita chache kusini mwa mji wa Bagamoyo, wanayajua magofu yake: misikiti miwili, mmoja ukiwa umeanza katika karne ya 13, pamoja na makaburi zaidi ya 20, mengine yakiwa na nguzo za mawe. Mahali hapo palikuwa bandari. Baadaye mchanga na mikoko viliijaza njia ya vyombo, na biashara ikahamia Bagamoyo. Katika makaburi yale limo la mwanamke anayeitwa Sharifa, na hadi leo wako watu wanaolizuru ili kuomba dua.

Tulipokwenda huko na vijana wetu wa parokia, tuliwaeleza jambo moja ambalo Mkristo wa pwani hapaswi kulisahau. Majirani zetu Waislamu walikuwa wakimwomba Mungu katika ufuko huu kwa karne nyingi kabla ya msalaba wetu kusimikwa Bagamoyo mwaka 1868. Kwa miaka yote hiyo walikuwapo akina mama waliokuwa wakiangalia bahari na kuwangoja watu wao. Kwa hiyo swali la mama yule wa sakristia ni la zamani sana katika nchi hii.

Siku ya tarehe 15 Aprili 1872

Vimbunga vikubwa vya bahari ni nadra kwetu, na sababu yake ni ya kimaumbile. Ili upepo wa kimbunga uzunguke kwa nguvu, huhitaji msukumo utokanao na mzunguko wa dunia yenyewe, na msukumo huo hupungua kadiri tunavyoikaribia Ikweta. Unguja na Bagamoyo ziko nyuzi 6 tu kusini mwa Ikweta. Ndiyo maana vimbunga vingi vya Bahari ya Hindi hupita mbali, kuelekea Madagaska, Msumbiji na visiwa vya Mascarene. Lakini nadra si sawa na kutokuwapo. Lindi ilipigwa mwezi Aprili 1952, Hidaya ilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024, na kabla ya hayo yote ulikuja ule upepo wa mwaka 1872.

Ilikuwa Jumatatu. Kimbunga kiliipiga Unguja na pwani iliyo mkabala nayo kwa nguvu ambayo wazee wa wakati ule hawakuwahi kuiona. Meli za Sultani Barghash ziliharibiwa bandarini pamoja na majahazi mengi ya wafanyabiashara. Minazi ililala chini. Inakadiriwa kwamba takriban theluthi mbili ya mikarafuu ya Unguja iling'olewa, ilhali ya Pemba kwa sehemu kubwa ilisalimika, na tangu hapo Pemba ikatangulia katika zao hilo. Bara nako mvua zilileta mafuriko. Henry Morton Stanley, aliyekuwa akirudi kutoka Ujiji alikomkuta Livingstone, alipita bonde la mto Ngerengere na kukuta vijiji vingi vimezolewa na maji. Alipoingia Bagamoyo tarehe 6 Mei, majuma matatu yalikuwa yamepita tangu upepo ule.

Bagamoyo palikuwa na misioni changa ya miaka minne. Ilianzishwa tarehe 4 Machi 1868 na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, pamoja na Padre Etienne Baur. Katika misioni hiyo walikuwamo pia masista wa Shirika la Mabinti wa Maria, walezi wa wasichana na wauguzi wa wagonjwa. Wote hao walikuwa wametoka tu katika jaribu jingine, maana kipindupindu kilipita pwani yetu mwaka 1869 na 1870 kikaua maelfu ya watu. Sasa ndani ya saa chache upepo uliangusha sehemu kubwa ya majengo yao, ukaharibu mashamba, ukawaacha na watoto wengi bila paa.

Mama aliyekuwa mbali

Masista hao walitoka wapi? Walitoka kisiwa cha Réunion, koloni la Ufaransa katika Bahari ya Hindi, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka kwetu. Huko utumwa ulikomeshwa tarehe 20 Desemba 1848, na watu takriban 60,000 wakawa huru kwa siku moja. Miezi michache baadaye, mwaka 1849, Padre Frédéric Levavasseur na binti mmoja wa familia ya mabwana shamba, Aimée Pignolet de Fresnes, walianzisha shirika jipya la kitawa. Binti huyo alichukua jina la Mama Marie-Magdeleine wa Msalaba. Katika shirika lake waliingia wanawake weupe wa kisiwani na wanawake weusi waliotoka utumwani, wakavaa vazi moja, wakala meza moja. Mtu akumbuke kwamba mwaka mmoja tu kabla yake, hao wa kwanza wangeweza kuwauza hao wa pili.

Masista sita wa shirika hilo walifika Unguja mwezi Desemba 1860, pamoja na mapadre waliokuwa chini ya Padre Armand Fava, kwa ruhusa ya Sultani Majid. Walihudumia hospitali, wakalea wasichana waliokombolewa. Misioni ilipovuka kuja Bagamoyo, walivuka nayo.

Tuwazie basi hali ya Mama huyo na watawa waliobaki Réunion. Kisiwa chao kiko katika njia kuu ya vimbunga, na kila mwaka kati ya Novemba na Aprili watu wake hukaa wakiitazama mbingu. Walijua upepo wa namna ile unafanya nini kwa nyumba ya miti na makuti. Lakini hawakuwa na njia ya kujua kwamba umewapiga dada zao. Waya wa simu ya maandishi chini ya bahari ulifika Unguja mwaka 1879, miaka saba baadaye. Mwaka 1872 habari ilikwenda kwa meli, ikangoja meli, ikachukua majuma.

Katika nyumba ya kitawa, wenzao walio mbali huombewa kila siku. Kwa hiyo siku ile ya Jumatatu, na Jumanne yake, na majuma yaliyofuata, sala ilipanda kutoka Réunion kwa ajili ya Bagamoyo, nayo ilikuwa sala ya watu wasiojua. Hatutamtungia Mama Marie-Magdeleine maneno ambayo hakuyasema. Yatosha kutazama jina alilolichagua. Mwinjili Yohane anatueleza kwamba kando ya msalaba alisimama Mama (Yoh 19:25). Hakuung'oa msumari hata mmoja, wala hakuondoka. Kuna saa ambapo imani yote ya mzazi ni kusimama namna hiyo.

Injili ya Jumapili iliyotangulia

Hapa tunapenda kuwaonesha jambo ambalo huenda wengi hawajaliangalia. Mwaka 1872 Pasaka iliangukia tarehe 31 Machi. Kimbunga kilipiga Jumatatu tarehe 15 Aprili. Jana yake, tarehe 14 Aprili, ilikuwa Dominika ya pili baada ya Pasaka, na kwa kalenda ya Misale ya wakati ule Injili ya Dominika hiyo ilikuwa ya Mchungaji Mwema, kutoka sura ya 10 ya Yohane. Injili hiyo hiyo, kwa Kilatini kile kile, iliwekwa kusomwa siku hiyo Bagamoyo, Unguja, Réunion na kila altare ya Kanisa la Roma.

Mnaikumbuka vema. Bwana wetu anamlinganisha mchungaji na mtu wa mshahara. Mbwa mwitu ajapo, yule wa mshahara huwaacha kondoo akakimbia, kwa sababu si wake, na mambo yao hayamhusu. Mchungaji hubaki. Masista na mapadre wa Bagamoyo waliisikia Injili hiyo Jumapili. Jumatatu mbwa mwitu alikuja, naye alikuwa na sura ya upepo.

Baada ya upepo wangeweza kupanda chombo na kurudi Unguja, au kurudi Réunion, na hakuna ambaye angewalaumu. Nyumba zimeanguka, fedha hakuna, homa inaua wenzao vijana. Yeyote anayetembelea makaburi ya misioni na kuisoma miaka ya waliolala pale atajionea jinsi wengi walivyofariki wakiwa bado vijana. Walibaki. Walijenga tena, safari hii kwa mawe na chokaa. Mnara wa kanisa la kwanza, ambao ujenzi wake unahusishwa na mwaka huo huo wa 1872, umesimama mpaka leo, na ndimo mwili wa Livingstone ulimowekwa tarehe 24 Februari 1874, ulipoletwa na Chuma, Susi na wenzao. Nyumba ya masista ilijengwa mwaka 1876. Kutoka Bagamoyo hiyo iliyojengwa upya, wamisionari walikwenda Mhonda mwaka 1877, kisha Mandera, Morogoro na hatimaye Kilimanjaro. Mwaka 2018 tulipoadhimisha miaka 150 ya uinjilishaji wa Tanzania Bara, tulikuwa tukiadhimisha pia uamuzi wa watu wachache ambao hawakukimbia.

Upepo ule ule uliwapa wengine uamuzi mwingine. Mwanzoni mwa mwaka 1873 mjumbe wa Uingereza, Sir Bartle Frere, alikuja Unguja kumtaka Sultani Barghash akomeshe biashara ya watumwa. Sultani alijitetea, pamoja na hoja nyingine, kwamba kimbunga kimewaharibia watu wake mashamba, na kuwaondolea watumwa kungekuwa kuwaangamiza. Mkataba ulitiwa sahihi tarehe 5 Juni 1873, baada ya shinikizo kubwa. Tusimnyoshee kidole Sultani kana kwamba sisi ni wasafi. Mabwana shamba wa Réunion walikuwa Wakatoliki waliobatizwa, na waliwatumikisha watumwa kwa vizazi vingi wakijitetea kwa hesabu za hasara za namna hiyo hiyo. Mtu aliyepata hasara hujaribiwa sana kuwalipisha walio dhaifu kuliko yeye. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1872, na ndivyo ilivyo leo pale mvua inapoharibu shamba na binti wa nyumba ile anaachishwa shule kwanza.

Akina mama ambao hawakuandikwa

Ni lazima pia tuseme ukweli kuhusu wale watoto. Hawakufika misioni kwa hiari yao. Wengi walinunuliwa katika soko la Unguja ili wakombolewe, na wengine walikabidhiwa baada ya majahazi ya watumwa kukamatwa. Maisha yao Bagamoyo yalikuwa ya sala, shule na kazi nyingi ya shamba, chini ya nidhamu kali, na wako waliotoroka. Kanisa halipungukiwi na kitu likikiri hivyo.

Tena kila mmoja wa watoto hao alikuwa na mama. Mama huyo alikuwa bara, pengine kandokando ya Ziwa Nyasa, pengine Ukami, pengine Manyema. Siku moja mwanawe alichukuliwa, na tangu siku hiyo hakusikia neno. Hakuwa na meli ya barua wala majuma ya kuhesabu. Bila shaka alimlilia Mungu kwa lugha yake na kwa desturi ya wazee wake, naye pia alisali bila kujua. Majina ya akina mama hawa hayapo katika kumbukumbu zozote. Lakini wao ndio akina mama wa mbali zaidi katika habari hii, na sala yao ilikuwa ngumu kuliko sala ya Réunion.

Siku upepo ulipoing'oa nyumba ya wasichana Bagamoyo, sala ya mama wa Nyasa ilikuwa ikingoja jibu. Je, lilikuja? Upepo haukuzuiliwa. Mtoto hakurudishwa kwao. Lakini karibu na mtoto yule alikuwapo mwanamke mwingine, sista kutoka kisiwa ambacho mama wa Nyasa hakuwahi kukisikia. Pengine naye alikuwa mjukuu wa watu waliouzwa. Sista huyo hakukimbia. Jibu lilikuja kwa mikono yake, likiwa nusu tu ya kile kilichoombwa.

Nisali nini?

Nabii Eliya alipokuwa mlimani, upepo mkali ulipasua miamba mbele yake, na Maandiko yanasema wazi kwamba Bwana hakuwamo katika upepo ule (1 Waf 19:11-12). Na Bwana wetu alipotaja habari za watu walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa kabisa kusema kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine (Lk 13:4-5). Kwa sababu hiyo tunawasihi msiwasikilize wanaosema kwamba watu wa Hanang waliofukiwa na tope mwezi Desemba 2023, au watu wa Rufiji waliozingirwa na maji mwaka 2024, walikuwa wakiadhibiwa. Mwaka 1872 upepo mmoja uliangusha misioni na misikiti, nyumba ya bwana na kibanda cha mtumwa.

Sasa tunamjibu mama yetu wa sakristia. Mama, usione haya kumwomba Mungu autulize upepo. Mitume walimwamsha Yesu chomboni kwa kilio hicho hicho. Lakini usiishie hapo. Omba pia kwamba karibu na mwanao awepo mtu ambaye hatakimbia. Mtaje mtu huyo mbele ya Mungu ijapokuwa humjui jina. Kisha uinuke, kwa maana karibu na nyumba yako yupo mtoto wa mama mwingine, na mama huyo yuko mbali naye anasali sala hiyo hiyo. Huenda mtu anayeombwa ni wewe.

Mwana wa mama yule alipatikana siku ya tatu. Alikuwa amelala usiku wa kimbunga katika nyumba ya bibi mmoja Mwislamu asiyekuwa na udugu naye wowote, ambaye alimwita ndani alipomwona akihangaika na nyavu ufukoni, akampa kanga kavu na uji. Mama alipotusimulia habari hiyo alisema tu: "Baba, kumbe niliombewa na mtu nisiyemjua." Tulibaki kimya, kwa sababu yeye alikuwa amekwisha kuipata tafakari hii kabla yetu.

Hivyo, wapendwa, tunawaachia kazi moja ya juma hili. Kila jumuiya ndogo ndogo ikutanapo, iulize: katika mtaa wetu ni nani aliye mbali na mama yake? Wapo wasichana wa kazi za ndani waliotoka bara wakiwa na miaka kumi na michache. Wapo vijana wa bodaboda wanaolala wanne chumba kimoja. Wapo wanafunzi wa kupanga, na wavuvi wa msimu wanaolala pwani chini ya turubai. Jumuiya imchague mmoja, imjue kwa jina, imjulie hali mvua zijapo. Tukifanya hivyo, tutakuwa tumeisoma historia ya Bagamoyo vizuri zaidi kuliko kwa kutembelea mnara peke yake.

Tuombe. Ee Mungu Baba yetu, wewe unawaona kwa pamoja mama aliye mbali na mtoto aliye katika dhoruba. Wakumbuke akina mama wote wanaongoja habari. Wapumzishe kwa amani wale waliobaki Bagamoyo siku ya upepo, na akina mama wa bara ambao majina yao unayajua wewe peke yako. Utujalie tusiwe watu wa mshahara. Kwa maombezi ya Bikira Maria aliyesimama kando ya msalaba, tunaomba hayo kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.